Ziara 1,600, maulizo mawili zaidi: Jinsi ya kusoma takwimu za tovuti kabla ya kulipia tangazo

MFANYABIASHARA anayefungua tovuti kupitia huduma kama Wix, Squarespace, Shopify au WordPress.com hupewa, pamoja na tovuti hiyo, karani wa kuhesabu wanaoingia na kutoka. Karani huyo ni ukurasa wa takwimu. Tatizo ni kwamba wengi wanaoufungua hutazama tarakimu moja tu, ile kubwa kuliko zote, na kwa tarakimu hiyo huamua kulipia tangazo au kuagiza mzigo.

Ukurasa huo mara nyingi hutoa hesabu tatu ambazo hazifai kuchanganywa. Mtu mmoja akiingia asubuhi akafungua kurasa tano, kisha akarudi jioni akafungua mbili, karani ataandika kurasa 7, ziara 2 na mgeni 1. Katika Shopify na Squarespace, ziara huhesabiwa kuwa imekwisha baada ya dakika 30 za ukimya. Mgeni naye hutambuliwa kwa alama ndogo inayowekwa ndani ya kivinjari chake, iitwayo kidakuzi, hivyo anayetumia simu asubuhi na kompyuta ya ofisini jioni huhesabiwa kuwa watu wawili. Hesabu ya wageni kwa hiyo ni makisio mazuri tu, na hesabu ya kurasa ndiyo dhaifu kuliko zote kwa anayetaka kujua soko lake.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa matairi ya pikipiki Kariakoo. Wiki ya kwanza tovuti yake ina ziara 400, na watu 12 wanauliza bei. Wiki inayofuata analipia tangazo kwenye Instagram kwa Sh 150,000. Ziara zinapanda hadi 1,600, naye anafurahi, anaanza kuzungumza na wakala wa forodha kuhusu kuongeza mzigo. Lakini waliouliza bei ni 14. Kabla ya tangazo, watu watatu katika kila ziara 100 waliuliza. Baada yake hawafiki hata mmoja. Maulizo mawili yaliyoongezeka yamemgharimu Sh 75,000 kila moja, na kuuliza bei si kununua. Ikiwa faida ya tairi moja ni Sh 10,000, hata wote wawili wakinunua jozi, tangazo limekula mtaji.

Mfanyabiashara huyo angeshuka chini kidogo kwenye ukurasa uleule angekuta sehemu inayoonyesha wageni wametokea wapi: kwenye mitambo ya kutafutia kama Google, kwenye mitandao ya kijamii, kwenye tovuti nyingine, au moja kwa moja. Hii ndiyo sehemu yenye thamani, na pia ndiyo yenye mtego. Kundi la “moja kwa moja” halina maana kwamba watu wote hao waliandika anwani kwa mkono. Kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp mara nyingi hufika bila kutaja kilikotoka, hivyo huangukia humo humo. Muuzaji anayetegemea makundi ya WhatsApp ya mafundi anaweza kudhani makundi hayo hayamletei mtu, akayaacha, na kumbe ndiyo yanayomlisha.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kutuma kiungo, aongeze mwishoni maneno ?utm_source=whatsapp, na kiungo cha tangazo akipe jina lake tofauti. Shopify, kwa mfano, husoma alama hizo na kutenganisha makundi. Kwa wanaopiga simu badala ya kujaza fomu, ambao hapa kwetu ni wengi, ukurasa huo hauwaunganishi na ziara fulani, itabidi anayepokea simu aulize “umetuona wapi?” na kuandika jibu kwenye daftari la kaunta.

Ziko pia ongezeko za uongo. Programu zinazozunguka zenyewe kwenye intaneti, yaani roboti, huchujwa na huduma hizi lakini si zote hukamatwa. Ziara nyingi za ghafla kutoka nchi ambayo duka haliuzi chochote, zisizokaa wala kufungua ukurasa wa pili, zitiliwe shaka. WordPress.com haihesabu ziara za mwenye tovuti akiwa ameingia kwa nywila yake, lakini mdogo wake anayetazama bei kwa simu yake kila saa anahesabiwa. Aidha, saa za eneo zikaguliwe kwenye mipangilio. Tovuti iliyoachwa kwenye saa za New York huanza siku mpya wakati Dar es Salaam ni saa 1 au saa 2 asubuhi, kutegemea msimu, na mauzo ya alfajiri ya Jumamosi yataandikwa Ijumaa.

Kwa upande wa wawekezaji wadogo, ambao siku hizi huombwa kununua sehemu ya duka la mtandaoni, picha ya ukurasa wa takwimu iliyotumwa kwa simu si ushahidi. Muuzaji huchagua wiki yake bora. Mnunuzi aombe ruhusa ya kuingia mwenyewe kama mtazamaji, atazame angalau siku 90, aone ziara ngapi ziliweka bidhaa kikapuni, ngapi zilifika kwenye malipo na ngapi zililipa, jambo ambalo Shopify huonyesha hatua kwa hatua. Kisha malipo hayo ayalinganishe na taarifa ya benki au ya pesa za simu kwa siku zilezile. Muuzaji anayekataa hatua hiyo ya mwisho amekwisha kujibu.

Jambo jingine ni kutunza kumbukumbu. Google ilisitisha mfumo wake wa zamani wa takwimu, Universal Analytics, Julai 1, 2023, na mwaka mmoja baadaye data zake zilifungwa. Waliokuwa hawajanakili walibaki bila hesabu za nyuma. Kila Jumamosi jioni, ziara, chanzo chake, maulizo na mauzo viandikwe kwenye leja ya duka, mstari mmoja kwa wiki; kazi hiyo haizidi dakika kumi.