"Si Alikubali Mwenyewe?" Somo Kuhusu Biashara Haramu ya Binadamu

Binti akiahidiwa mshahara mnono wa kazi za ndani Uarabuni, kisha akanyang'anywa pasipoti, akafungiwa ndani na kunyimwa ujira, mara nyingi husikika swali hili parokiani: "Si alikubali mwenyewe?" Katika somo hili tulipime swali hilo.

1. Sheria inasema nini?
Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa (2000) inataja mambo matatu: tendo, kama kumsafirisha au kumpokea mtu, njia, kama vitisho, ulaghai au kutumia vibaya unyonge wake, na lengo, yaani kumnyonya. Njia hizo zikitumika, ridhaa ya mwathirika haihesabiki. Akiwa na umri chini ya miaka 18, hata njia si lazima ithibitishwe. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Kenya mwaka 2010. Aidha, Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani (2011) unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na pasipoti yake.

2. Kanisa linafundisha nini?
Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Gaudium et Spes, 27) unaweka utumwa, biashara ya wanawake na watoto, na kazi zinazomgeuza mtu kuwa chombo cha faida katika kundi moja la maovu yanayomvunjia Muumba heshima. Mtume Yakobo anaonya kuwa ujira uliozuiliwa humfikia Mungu kama kilio (Yak 5:4). Tangu mwaka 2015 tunasali dhidi ya uovu huu kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyetekwa utotoni Sudan na kuuzwa mara kadhaa.

3. Tufanye nini?
Uovu huu hauanzii uwanja wa ndege. Mtoto aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia jikoni bila shule, amedanganywa vilevile, hata kama wazazi waliridhia. Basi, kabla kijana hajaondoka, jumuiya ndogondogo imsaidie kuuliza: mkataba uko wapi? Nani amelipa nauli, naye atadai nini? Pasipoti atakaa nayo nani?

Na akirudi mikono mitupu, tusimhoji kwa nini alikubali. Tumpokee, tumsikilize, tumsaidie kumshtaki aliyemdanganya.

Kwa tafakari: Je, msaidizi wa nyumbani kwetu analipwa kwa wakati, anapumzika, na yuko huru kwenda Misa?