Shorobo, Mpanda Miti wa Milimani

Mkulima wa milimani, bila shaka umepata kumsikia shorobo asubuhi, sauti yake nzito ya kukwaruza ikitoka msituni na mwenzake akimjibu. Huishi katika misitu ya Kilimanjaro, Meru, Usambara na Mlima Kenya. Mwili wake ni wa kijani, kichwa na kishungi ni buluu nyeusi, na kando ya jicho pana baka jeupe. Arukapo ndipo mabawa yake mekundu huonekana. Wekundu huo ni rangi yenye shaba ndani yake.

Watu wengine humtega au kumpiga kwa kombeo, wakidhani kwamba ni mwizi wa matunda tu. Hiyo ni hasara yao wenyewe, nasi tutaeleza sababu.

Chakula chake hasa ni matunda ya mwituni, kama kuyu na zambarau mwitu. Huyameza mazima. Tumbo lake halisagi mbegu. Baada ya muda mfupi huzitoa zikiwa nzima, naye amekwisha kuhamia mti mwingine. Mbegu iangukayo chini ya mama yake hukosa mwanga, au huliwa na wadudu na panya. Ile iliyochukuliwa mbali ina nafasi bora ya kuota. Basi msitu ukikosa ndege wa namna hii, miti mizee huanguka na michache tu hushika mahali pake. Hapo mvua hupiga udongo mtupu, mchanga hushuka mashambani, na chemchemi hupungua.

Kwa hiyo yakupasa kutenda haya:

1. Unapofyeka shamba, acha mikuyu na mizambarau mwitu isimame, hasa kando ya kijito na penye chemchemi.

2. Tazama chini ya miti wanapotua ndege. Ukikuta miche ya miti ya msituni, usiing'oe. Izungushie fito ili mbuzi wasiifikie.

3. Shorobo si hodari wa kuruka. Hupenda kukimbia juu ya matawi, wala havuki uwanda mpana kwa urahisi. Panda mstari wa miti kutoka msituni hata chemchemi yako, naye atapata njia.

4. Usimwinde wala usivunje kiota chake. Hutaga mayai mawili tu, dume na jike wakiyaatamia kwa zamu. Wakiuawa hao, makinda hufa pia.

Huenda shorobo akadonoa matunda machache bustanini mwako. Mhesabie kuwa ni ujira wake, kwa maana hupanda miti mahali ambapo wewe huwezi kufika na jembe.

Maswali
1. Kwa nini mbegu hufaidika ikichukuliwa mbali na mama yake?
2. Kijijini kwako ni miti gani izaayo matunda ya ndege, nayo imebaki mingapi?
3. Chemchemi yenu ina miti kandokando yake?