Kijana anayekupakia oda anajua anachokishika?

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo ya kulipia. Naongelea yule kijana aliye nyuma ya ukurasa wako, anayepima, anayejaza chupa na kukimbiza mzigo kwa boda wakati wewe unajibu wateja inboksi.

Mimi nauza sabuni za miche, dagaa na karanga. Ninaye kijana wa miaka 19, mtoto wa jirani hapa Kiloleli. Siku moja nilikuwa Bariadi, mteja anataka sabuni haraka, nikamtumia kijana voisi: "Pima soda, weka na maji, koroga, iache ipoe." Ndo hivyo tu. Naye akafuata mpangilio uleule niliousema. Akaweka soda kaustiki kwenye ndoo, halafu akamimina maji juu yake. Ikachemka palepale na kuruka. Tone moja lilimpata chini ya jicho, jingine mkononi. Kuna jirani alishafika na kikombe cha maziwa ampake. Bahati nzuri mama ntilie wa pembeni alimvuta hadi kwenye maji, akamwosha muda mrefu, ndipo wakaenda kituo cha afya. Jicho limepona, kovu lipo. Voisi yangu ilikuwa ya sekunde kumi na mbili.

Kwa hiyo tuanze na hapo. Soda inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Kamwe maji yasimiminwe juu ya soda. Soda ikikutana na maji inatoa joto kali bila moto wowote, na maji yakiwa machache yanachemka na kurusha matone yanayounguza. Tumia ndoo ngumu ya plastiki, siyo sufuria ya alumini, maana soda inakula alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Glovu ziwe zile nene za mpira. Za hospitali ni nyembamba, zinachanika. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Na yeboyebo zenye matundu siyo viatu vya kazi hii, vaa gambuti.

Ikimrukia: maji safi mengi, yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, nguo iliyolowa ivuliwe, halafu hospitali. Usipake maziwa, limao, asali wala dawa ya meno. Akiwa amemeza, usimtapishe, kwa sababu kitu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda.

Wanaouza vifaa vya usafi, hasa mnaopima kutoka madumu makubwa: kijana asichanganye Jiki na dawa ya choo yenye asidi, hata kama ni mabaki tu ya kuoshea sakafu. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha vitani kule Ubelgiji mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo anayeinama kusugua ndiye anayeivuta zaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Akihisi macho yanawasha na kifua kinabana, aache kila kitu atoke nje.

Huku kwetu kwenye pamba kuna jambo lingine. Viuatilifu vinapimwa kwenye chupa za maji ya kunywa na za soda, halafu chupa inakaa stoo moja na karanga. Kijana katoka juani ana kiu, anaona chupa. Mimi kwangu nimepiga marufuku: dawa haihami kwenye chupa yake, na haikai chumba kimoja na chakula. Mfundishe pia kusoma ule mkanda wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa.

Sasa dagaa. Hapa hatari haina harufu wala haichomi, ndo maana vijana wanacheka ukiwaambia. Wanaingia ziwani kuosha ndoo na nyavu za kuanikia, maji ya magotini, saa sita mchana. Vimelea vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa majini, vinatoboa ngozi bila mtu kuhisi, na jua la mchana ndo wakati wao. Miezi inapita, kijana anaumwa tumbo, anaona damu kwenye choo, na anaona aibu kukwambia. Teka maji, yaweke kwenye pipa safi lenye mfuniko siku mbili, vimelea vinakufa, ndipo aoshee. Lazima aingie? Gambuti. Na akiwa na dalili, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Karanga naziongelea kwa ufupi. Zenye ukungu zitolewe zote, zisichanganywe na nzuri wala zisisagwe "zisipotee". Sumukuvu haiishi kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, huko ilikuwa kwenye mahindi. Anayechambua afunike pua na mdomo, ile vumbi siyo ya kuvuta.

Kuhusu namna ya kufundisha, kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kusema ni kufundisha. Ukimuuliza kijana "umeelewa?" atasema "ndiyo dada", kwa heshima, au kwa kuogopa utamwona mjinga na kumtafuta mwingine. Usimuulize. Mwambie akuonyeshe. Mara ya kwanza fanya wewe, yeye anatazama. Mara ya pili afanye yeye, wewe umesimama pale, simu imezimwa. Kama anaelewa zaidi kwa Kisukuma, semeni Kisukuma. Halafu mrekodi video ya dakika moja akiwa anafanya sawasawa, ibaki kwenye simu yake. Video za bidhaa tunapiga kila siku, hii tunashindwaje?

Wengine mtasema biashara yenu ni ndogo, haina ofisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri afundishe na kutoa vifaa vya kujikinga, na pesa ya glovu haikatwi kwenye posho ya kijana. Na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumpa kazi ya hatari mtu aliye chini ya miaka 18, hata sehemu isiyo rasmi. Mdogo wako anayekusaidia likizo apange maboksi na kuandika majina ya wateja. Soda asiiguse.

Kitu cha mwisho, kifanye leo. Piga picha ya lebo ya kila kemikali uliyonayo, mbele na nyuma, mtumie kijana WhatsApp. Siku ikitokea shida, daktari atauliza kwanza ni kitu gani, na wewe huenda uko Bariadi, hupatikani.