‘Sorry’: Pole, Samahani au Masikitiko?

Aghalabu mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza ‘sorry’ huandika ‘samahani’ bila kusita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo moja lina kazi kadhaa, ambazo Kiswahili kimezigawa kwa maneno tofauti.

Asili ya ‘sorry’ si kosa bali maumivu. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa ‘sarig’, kutokana na ‘sar’, yaani kidonda au uchungu. Wala halitokani na shina moja na ‘sorrow’, ijapokuwa ujirani wa karne nyingi umeyafanya yafanane.

Tuangalie matumizi ya hapa kwetu. Mpita njia akijikwaa, Mkenya anayezungumza Kiingereza humwambia ‘sorry’. Mwingereza mgeni hushangaa, na pengine hujibu kwamba hajakosewa. Hatambui kuwa ameambiwa ‘pole’ kwa Kiingereza. ‘Pole’ haikiri kosa. Hushiriki maumivu, na jibu lake ni ‘asante’ au ‘nimeshapoa’. Wapo wanaodai kwamba Mkenya huyo amekiharibu Kiingereza. Kwa maoni yangu, yeye yu karibu zaidi na asili ya neno kuliko wakosoaji wake.

‘Samahani’, yenye asili ya Kiarabu, hubeba kosa japo dogo, mathalani kumkanyaga mtu au kumkatiza kauli. Kosa likiwa zito husemwa ‘niwie radhi’. Ama ‘sorry’ ya asiyesikia vizuri, hiyo ni ‘naam?’ au ‘umesemaje?’ basi.

Tofauti hizi si za darasani pekee. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Tatu akiwa Nairobi alizungumzia ukatili waliotendewa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru. Alitaja huzuni na masikitiko makubwa, hakuomba radhi. Mtafsiri atakayeandika ‘aliomba msamaha’ atakuwa amemtilia Mfalme kinywani neno ambalo hakulitamka. Hata ‘majuto’, ambayo kamusi nyingi zitampa, yanazidi kipimo, kwa kuwa anayejuta hujutia tendo lake mwenyewe. ‘Masikitiko’ ndiyo yanayofaa, maana hata asiye na hatia husikitika. Na uzito wa uteuzi huo haukuwa siri: siku chache kabla ya hotuba, shirika la KHRC lilikuwa limemtaka Mfalme aombe radhi hadharani, waziwazi.