Je, Seva Imekufa Kweli? Tulinganishe Ping, Telnet na SSH



Somo letu la robo hii linahusu kukagua huduma za mtandao tukiwa mbali. Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotupata. Kamati ya parokia moja ilitupigia simu: "Seva imekufa. Barua pepe haziendi, na oda ya dawa za zahanati imekwama." Tayari walikuwa wamekaa kikao kujadili ununuzi wa seva mpya. Tulipokagua kutoka ofisini tulikuta seva ni nzima. Ni programu ya barua pepe tu iliyokuwa imesimama. Tuliiwasha upya, oda ikaenda siku ile ile, na fedha za mradi zikabaki salama.

Tulitumia zana tatu, na kila moja inajibu swali lake.

1. Ping: je, mashine inafikika?

Ping iliandikwa na Mike Muuss nchini Marekani mwaka 1983. Hutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. Ni kama kupiga hodi getini: mlinzi akiitika, unajua kuna watu, lakini hujui kama karani yuko mezani. Vilevile kuna seva zilizowekewa ulinzi zisijibu ping kabisa. Kwa hiyo kimya cha ping peke yake si cheti cha kifo.

2. Telnet: je, mlango wa huduma uko wazi?

Kila huduma ina mlango wake wenye namba, ambao mafundi huuita poti. Kupokea barua pepe kutoka seva nyingine ni 25, tovuti ni 80, na tovuti yenye usimbaji ni 443. Andika neno telnet, kisha jina la seva, kisha namba ya mlango. Ukijaribu 25 na kuona mstari unaoanza na 220, huduma ya barua inaitikia. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida mashine ipo ila hakuna programu inayosikiliza mlangoni hapo. Ukingoja hadi muda uishe, huenda kuna ukuta wa ulinzi njiani, kwani watoa huduma wengi wa intaneti huzuia mlango 25.

Telnet ina asili ya mwaka 1969 na ilitengenezwa kwa ajili ya kuingia katika kompyuta ya mbali. Tatizo ni kwamba hupeleka kila kitu wazi, pamoja na neno la siri, kama barua isiyo na bahasha. Kwa hiyo tunaitumia kugusa mlango tu, kamwe si kuingia. Tangu Windows Vista, Telnet haiji ikiwa imewashwa. Katika Windows za sasa amri ya Test-NetConnection hufanya ukaguzi huo wa mlango.

3. SSH: je, ndani kuna nini?

SSH ilitengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Hutumia mlango 22 na kusimba mazungumzo yote. Kwa SSH fundi huingia, huona huduma ipi imesimama, husoma kumbukumbu za makosa na kurekebisha. Nasi ndivyo tulivyofanya siku ile. Programu za OpenSSH na PuTTY hutolewa bure.

Hata hivyo, SSH haitoshi peke yake. Huduma inaweza kuonekana nzima ukiwa ndani, huku watumiaji wa nje wamezuiwa na ukuta wa ulinzi. Ndiyo maana tunakagua kwanza kutoka nje, kisha ndani, kisha tena nje baada ya kurekebisha.

Tunazishauri kamati zifuate haya:

- Kila fundi awe na akaunti yake. Akiondoka, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo.
- SSH ikionyesha alama ya utambulisho wa seva kwa mara ya kwanza, ilinganishwe na ile iliyoandikwa ofisini kabla ya kukubali.
- Tukague mashine zetu tu, au zile tulizopewa ruhusa kuzikagua.
- Majibu ya ukaguzi yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na saa.

Maswali ya kujadili katika kikao:

1. Nani kati yetu anajua namba za milango ya huduma tunazotumia?
2. Je, kuna mtu bado anaingia katika seva yetu kwa Telnet?
3. Mara ya mwisho tulipoambiwa "seva imekufa", tulikagua kwanza au tulianza kutafuta fedha?

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Vifaa mlivyotupa tutavitunza, na hatutaomba kipya kabla ya kuhakikisha kwamba cha zamani kimekufa kweli.