Breki za Gari Jipya Zinapolia: Kutambua Sababu na Kudai Marekebisho

Mkazi anaponunua gari hutarajia likae kimya. Wiki ya pili au ya tatu, breki zinaanza kulia kila anapokanyaga. Anarudi kwa aliyemuuzia na kuambiwa, "Hiyo ni kawaida, itazoea." Wakati mwingine jibu hilo ni la kweli. Wakati mwingine ni njia ya kumwondoa mteja mlangoni, na kasoro inaendelea kukua hadi siku gari linapokataa kusimama.

Katika Kaunti ya Taita Taveta jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara inayoshuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate ina mteremko mrefu na kona kali. Pale Voi, magari madogo hutumia barabara kuu ya Nairobi–Mombasa pamoja na malori yenye mizigo mizito. Dereva wa barabara hizi anahitaji kujua mlio upi ni wa kupuuzwa na upi ni wa kuliegesha gari mara moja. Somo hili linaeleza tofauti hiyo, kisha linaonyesha hatua za kuchukua kwa fundi na kwa muuzaji.

Breki hufanyaje kazi, na kwa nini hulia?

Magari mengi madogo ya siku hizi hutumia breki za diski kwenye magurudumu ya mbele. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma kifaa kiitwacho kalipa, nayo kalipa huzibana pedi mbili kwenye diski, moja kila upande. Msuguano huo ndio unaopunguza kasi, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Magurudumu ya nyuma yanaweza kuwa na diski pia, au drami, ambamo viatu vya breki hutanuka na kubana kwa ndani.

Kelele hutokea pedi inapotetemeka juu ya diski badala ya kuishika kwa utulivu. Mtetemo huo ukizidi mara elfu moja kwa sekunde, sikio husikia mlio mwembamba kama wa filimbi. Kwa hiyo breki inaweza kulia na bado ikasimamisha gari vizuri. Vilevile breki iliyo kimya kabisa inaweza kuwa mbovu. Sauti ni dalili tu, na dalili huhitaji kuchunguzwa.

"Gari jipya" ni lipi?

Wapo wanunuzi wachache wanaochukua gari ambalo halijawahi kutumika popote. Wengi hununua gari lililotumika nje, hasa Japani, ambalo kwa kanuni za Kenya halipaswi kuwa limezidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mnunuzi gari hilo ni jipya, lakini breki zake zina historia.

Gari ambalo halijatumika lina pedi na diski ambazo bado hazijazoeana. Gari lililoagizwa limekaa wiki kadhaa melini, kisha likasubiri bandarini Mombasa na kwenye yadi. Hewa yenye chumvi huzitia diski kutu, na pini za kalipa zinaweza kukauka. Pedi zake pia zinaweza kuwa karibu kwisha. Swali la kwanza la fundi mwangalifu ni kama pedi zilizomo ndizo zilizokuja na gari au zilibadilishwa yadini.

Sauti ambazo kwa kawaida si hatari

*Mkwaruzo wa asubuhi.* Baada ya mvua, umande au gari kuoshwa, diski hupata kutu nyembamba usiku mmoja tu. Pedi huifuta gari linaposimamishwa mara chache. Sauti ikiisha kabla ya kufika kilomita moja au mbili, hakuna la kutengeneza.

*Mlio wa pedi mpya.* Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa kwenye diski. Dereva hutafuta barabara tupu na salama, hufika kasi ya kilomita 50 kwa saa, kisha hupunguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa. Hurudia hivyo takriban mara kumi, akiacha nafasi ya breki kupoa kila baada ya kupunguza. Katika kilomita 300 za mwanzo ni vyema kuepuka kukanyaga kwa nguvu pasipo dharura. Kitabu cha maelezo cha gari kikitoa utaratibu tofauti, kifuatwe hicho.

*Mngurumo na pedeli kutetemeka katika breki ya ghafla.* Gari lenye mfumo wa ABS hutoa sauti ya haraka mguuni gurudumu linapotaka kuteleza. Mfumo unafanya kazi yake. Dereva aendelee kukanyaga, asiachie.

*Kelele ya pedi zenye chuma kingi.* Pedi zenye chembe za chuma huvumilia joto, ila hulia zaidi kuliko zile za kauri. Kelele hiyo inaudhi, lakini peke yake haimaanishi kasoro.

Sauti ambazo hazipaswi kungoja

*Mlio mkali usioisha.* Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi. Pedi inapobakisha unene wa milimita mbili au tatu, kibati hugusa diski na kupiga kelele ili dereva aonywe. Pedi mpya kwa kawaida huwa na milimita kumi au zaidi, kwa hiyo mlio huu ni habari kwamba imeliwa karibu yote.

*Chuma kusaga chuma.* Hapa pedi imekwisha na bamba lake linachimba diski. Gari lisiendeshwe zaidi ya pale panapohitajika kuliegesha salama. Kila kilomita inayoongezwa huharibu diski, na gharama hupanda kutoka bei ya pedi hadi bei ya pedi na diski pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

*Mlio wa gurudumu moja pamoja na joto au harufu ya kuungua.* Huenda kalipa imekwama na pedi haiachii diski. Baada ya safari fupi, rimu moja huwa ya moto kuliko nyingine. Isiguswe kwa mkono. Joto husikika hata mkono ukiwa mbali kidogo.

*Gari kuvuta upande mmoja, usukani kutetemeka, au pedeli kuzama.* Dalili hizi, ziwe na kelele au la, zinamtaka dereva asimamishe safari na kumwita fundi. Pedeli inayozama inaweza kumaanisha kwamba mafuta ya breki yanavuja au yameingia hewa.

Kelele ikiwepo hata mguu usipokuwa kwenye breki, chanzo kinaweza kuwa kwingine. Jiwe dogo lililonasa kati ya diski na kinga yake ya bati hukwaruza mfululizo, na hutokea mara nyingi kwenye barabara za changarawe. Beringi ya gurudumu iliyochakaa nayo huguruma kadiri kasi inavyoongezeka.

Daftari la wiki moja

Mteja anayesema tu kwamba breki zinalia humpa fundi kazi ya kubahatisha. Anayekwenda na maelezo hupata jibu haraka, na muuzaji hupata shida kumpuuza. Kwa siku saba mwenye gari aandike:

1. Saa ya kelele: asubuhi breki zikiwa baridi, au baada ya safari ndefu.
2. Kasi ya gari kwa makadirio.
3. Upande: mbele au nyuma, kushoto au kulia. Abiria anaweza kusaidia kusikiliza.
4. Namna ya kukanyaga: kwa wepesi, kwa nguvu, au wakati wa kurudi nyuma.
5. Hali: mvua, vumbi, mteremko, mzigo.
6. Kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi siku kelele ilipoanza.

Sauti irekodiwe pia kwa simu, na anayerekodi awe abiria, si dereva.

Faida ya daftari inaonekana kwa kulinganisha magari mawili. Tuseme yote yalinunuliwa mwezi mmoja na yote yanalia. La kwanza hulia asubuhi tu, mara tatu za kwanza, kisha hunyamaza siku nzima, na wiki ya nne hali ni ile ile. La pili lilianza kulia asubuhi, wiki ya pili likalia pia mchana, na wiki ya tatu rimu ya mbele kushoto ikawa ya moto. Wamiliki wote wawili wangesema maneno yale yale kaunta. Daftari ndilo linaloonyesha kwamba la kwanza lina kutu ya usiku na la pili lina kalipa inayokwama.

Gerejini: la kudai na la kukataa

Mwenye gari ana haki ya kuomba magurudumu yafunguliwe mbele yake na pedi zipimwe unene, ya ndani na ya nje. Pedi moja ikiwa imeliwa kuliko mwenzake, pini za kalipa zinashukiwa. Diski iangaliwe mifereji na nyufa. Vibati vya kuzuia mlio vilivyo nyuma ya pedi viwepo mahali pake, kwa kuwa mafundi wenye haraka huviacha nje na kelele huanzia hapo. Pedi hubadilishwa jozi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavuta upande.

Mambo matatu yakataliwe. La kwanza ni kupaka mafuta au grisi kwenye uso wa pedi au diski. Kelele itaisha, na breki nayo itaisha. Grisi maalumu ya breki hupakwa nyuma ya pedi na kwenye pini tu. La pili ni kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, kwani vumbi hilo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. La tatu ni kipuri kisicho na jina wala stakabadhi. Pedi bandia hulia, huliwa haraka, na zinaweza kushindwa zikipata joto.

Kuteremka mlima

Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu hata zikiwa mpya. Dereva anayeshuka kutoka Wundanyi aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ili injini ishikilie gari. Gari la otomatiki lina alama kama L, 2 au B kwa kazi hiyo. Breki ikanyagwe kwa vipindi na kuachiwa, isishikiliwe njia nzima. Kuzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta ni hatari: injini ikizimwa, msaada wa breki na wa usukani hupotea. Breki zikitoa moshi au harufu, dereva aegeshe na kungoja zipoe. Diski ya moto isimwagiwe maji, kwa sababu inaweza kupinda au kupasuka.

Mafuta ya breki nayo huzeeka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi takriban 140. Yakichemka, pedeli huzama. Kwa magari mengi hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Muuzaji akikataa kusikiliza

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze bidhaa zenye ubora wa kuuzika. Hata hivyo, sheria hiyo haimkingi mnunuzi aliyekagua bidhaa dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana ni busara kwenda yadini na fundi, kuendesha gari kabla ya kulipa, na kuandika kwenye mkataba kila kasoro iliyoonekana na nani ataitengeneza.

Waranti isomwe kwa makini. Mara nyingi haigharamii pedi zilizokwisha kwa matumizi, lakini kalipa inayokwama au diski yenye kasoro ya kiwandani ni jambo tofauti. Malalamiko yapelekwe kwa maandishi yakiwa na tarehe, kilomita na nakala ya daftari, na mteja abaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Muuzaji akikaa kimya, mteja anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia haki za wanunuzi. Madai ya fedha yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mwenye madai anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Maswali ya kujipima

1. Gari limekwaruza mara mbili asubuhi baada ya mvua, kisha likanyamaza. Je, lipelekwe gereji? (Hapana. Ni kutu nyepesi. Mwenyewe aendelee kusikiliza.)
2. Fundi anataka kupaka grisi kwenye uso wa diski ili mlio uishe. Mteja afanye nini? (Akatae.)
3. Pedi ya kushoto imekwisha, ya kulia imebaki nusu. Ibadilishwe moja? (Hapana. Zibadilishwe zote, na kalipa ya kushoto ichunguzwe.)
4. Kelele ya kusaga imetokea Wundanyi, na mwenye gari anataka kushuka Mwatate kwa fundi wake. Afanye nini? (Asishuke. Amwite fundi alipo, au gari libebwe.)