Somo la mbwa wa kuwinda panya na ndezi: namna ya kumfundisha na kumtunza

Wewe mwenye shamba huko Kasomeno, au katika vijiji vingine vya barabara ya Lubumbashi kwenda Kasenga, pengine umekwisha kuona jambo hili. Unakwenda shambani asubuhi, unakuta mabua ya mahindi yamelala chini, yamekatwa kwa mshazari kama kwa kisu. Si kazi ya mwivi. Ni ndezi, panya mkubwa wa matete, ambaye wengine humwita simbiliki. Uzito wake ni kilo 4 mpaka 6, na dume mkubwa hupita hapo. Hula mahindi, muhogo na miwa, na huharibu zaidi ya anavyokula. Nyumbani nako kuna panya wadogo, ambao hula mahindi ya ghalani na kuyachafua kwa mkojo.

Kwa kazi hii hakuna mtumishi kama mbwa mdogo aliye hodari. Wazungu wana mbwa wa namna hiyo, huitwa teria. Jina latoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya udongo, maana huingia katika mashimo kumfuata mnyama. Lakini usidhani ya kuwa ni lazima ununue mbwa wa Ulaya. Mbwa wa Kongo, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, amefanya kazi hii tangu zamani. Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hiyo walipelekwa Uingereza kuonyeshwa watu, wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa London, na watu wengi wakaenda kuwatazama, kwa sababu ni mbwa asiyebweka kama mbwa wengine. Huko Ulaya jina lake ni Basenji. Hapa kwetu wawindaji humfunga kengele ya mti, wapate kujua alipo katika majani.

Basi, awe teria, awe mbwa wa kijiji, tabia ya mbwa hodari ni moja: hajui kuacha. Akiisha kumwona mnyama, hasikii miiba, hasikii kiu, hasikii jeraha. Watu humsifu kwa hiyo. Lakini sifa hiyo ndiyo inayomwua, na katika nchi ya migodi yaweza kumwua na mtoto aliye pamoja naye. Mara nyingi baba yuko mgodini, au amekwenda kuchoma makala, na anayetoka na mbwa ni mtoto. Kwa hiyo somo la kwanza la mbwa wa kuwinda si kuua. Somo la kwanza ni kurudi akiitwa.

Usimtoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Akifika kwako mpe jina fupi, na watu wote wa nyumbani walitumie jina hilo hilo. Chagua neno moja la kumwita. “Njoo” lafaa, na “kuya” lafaa, lakini si leo hili na kesho lile. Chukua vipande vidogo vya samaki mkavu. Mwite akiwa karibu, akija mpe kipande na kumpapasa. Fanya hivyo mara 5 au 6, kisha acha. Mtoto wa mbwa huchoka upesi kama mtoto wa mtu, na somo refu humchosha bure.

Akijua neno, mfunge kamba ya mita 10, umpeleke penye mambo ya kumvuta: kuku, watoto wanaocheza, harufu ya nyama. Mwite. Asipokuja, vuta kamba polepole mpaka afike, kisha mpe samaki vile vile. Usiondoe kamba mpaka aje kila mara bila kuvutwa. Kazi hii yataka majuma mengi. Watu wengi huiacha baada ya siku 3, kisha husema mbwa wao ni mjinga.

Hapa wengi hukosa. Mbwa amekimbia, ameitwa mara nyingi, mwisho amekuja, na mwenyewe kwa hasira anampiga. Wewe wafikiri umempiga kwa sababu ya kukawia. Yeye ajua amepigwa kwa sababu ya kuja. Kesho hatakuja kabisa. Mbwa akija, hata akiwa amekawia mchana kutwa, mpokee vizuri.

Neno la pili ni “acha”. Mpe kitambaa akishike kwa meno. Mwekee samaki puani. Akifungua kinywa, sema “acha”, mpe samaki, kisha umrudishie kitambaa. Kumrudishia ndiyo siri ya somo hili. Mbwa akijua ya kuwa kuachia si kupoteza, ataachia na panya, na ndezi, na hata kifaranga cha jirani. Kuhusu kuku, wako watu wanaomfunga mbwa kuku mfu shingoni mpaka aoze. Hayo ni mateso tu, wala mbwa haelewi sababu yake. Mzoeze kwa kamba, tangu mdogo, akae karibu na kuku, na kila akiwatazama bila kuwakimbilia apewe kitu.

Kabla ya miezi 6 asipigane na panya mkubwa, maana meno yake ni mapya, na akiumizwa vibaya siku ya kwanza huenda akaogopa maisha yake yote. Kazi ya kutwa nzima asifanye kabla ya mwaka mmoja. Mwanzo mpe kazi ya ghalani. Ziba matundu, acha moja tu, hamisha magunia polepole, na mbwa asimame penye tundu. Atajifunza upesi kuliko unavyodhani.

Kumwinda ndezi ni kazi nyingine. Ndezi hapendi kuchimba. Hulala katika majani mazito na matete, na hupita njia zake zile zile. Tafuta njia hizo, tega wavu mahali zinapotokea, kisha peleka mbwa upande wa pili. Mbwa amtoe, watu wamkamate. Usimwachie mbwa kupigana peke yake na dume mkubwa, maana meno ya mbele ya ndezi ni kama patasi. Wala usiwashe moto katika majani wakati mbwa yumo ndani. Mitego ya waya pia iondoe kabla ya kumwachia mbwa, nawe uwaulize majirani wametega wapi. Mbwa aliyenaswa shingoni hawezi kulia, na watu hupita karibu naye wasijue. Tena usiingie na mbwa katika Hifadhi ya Kundelungu, iliyowekwa mwaka 1970. Kuwinda humo kumekatazwa, na mbwa huwapelekea wanyama wa porini magonjwa.

Sasa habari ya mashimo. Shimo la muhanga huenda likawa na nungu ndani yake, au ngiri, au nyoka. Miiba ya nungu huingia usoni na kuzidi kwenda ndani. Kabla ya kumruhusu mbwa aingie, tazama nyayo na mavi mlangoni, uone kama buibui ametanda utando. Utando mzima maana yake hakuna aliyepita karibuni. Kama hujui ni mnyama gani, mwite mbwa, mwondoke. Mbwa akiwa ndani, sikiliza kengele. Ikinyamaza, mwite; asipotoka, anza kuchimba mara moja kwa kufuata njia ya shimo, ukiacha mlango wazi ili hewa ipite. Usijaribu kumtoa yule mnyama kwa moshi. Mbwa atakufa kwanza.

Lakini nchi yetu ina mashimo mengine, na haya ni mabaya zaidi: mashimo ya wachimba madini yaliyoachwa wazi. Majani huota mdomoni, mtu asione kitu. Panya hupenda kukaa hapo, na mbwa huwafuata. Shimo huwa na kuta zilizolegea, na chini pengine kuna maji, au hewa mbaya isiyo na harufu. Mtu akishuka katika hewa hiyo huanguka bila kupiga kelele, na anayeshuka kumsaidia huanguka juu yake. Mbwa wako akitumbukia humo, usishuke. Wala mtoto asishuke. Mwambie hivyo mtoto leo, kabla ya siku ya hatari, maana mtoto anayempenda mbwa wake hatangoja kumwuliza mtu. Ita watu wenye kamba. Wateremshe kikapu au kitanzi; mbwa akiwa mzima huenda akaingia kikapuni akisikia sauti anayoijua. Asipoweza, ni hasara, lakini ni hasara ya mbwa. Sasa waona kwa nini tulianza na neno “njoo”. Mbwa anayegeuka akiitwa, mita 20 kabla ya shimo, amemwokoa mtoto bila kujua.

Maji yaliyosimama karibu na mgodi au karibu na marundo ya mchanga wa mgodi, mbwa asiyanywe, hata yakionekana safi. Chukua maji yako katika kibuyu. Mbwa hatoki jasho kama mtu. Hupoza mwili wake kwa kuhema. Mwezi wa 9 na wa 10, jua likiwa kali, winda alfajiri, na saa 3 ya asubuhi iwe mmekwisha kurudi. Mbwa akihema sana, ulimi ukiwa mwekundu mno na miguu ikimtetemeka, mlaze kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Asisimamishwe afanye kazi tena siku hiyo.

Mkirudi nyumbani, mtazame mwili mzima: masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Toa miiba na kupe. Jeraha la meno laonekana dogo kwa nje, na ndani ni refu. Usilizibe kwa udongo wala kwa majivu. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, ngoja yapoe, osha jeraha vizuri, uliache wazi. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Likivimba na kutoa usaha, au mbwa akikataa chakula, mpeleke kwa mganga wa wanyama. Nenda pia kwake mkojo ukiwa mwekundu, au macho yakipata ukungu wa rangi ya maziwa huku mbwa akikonda. La kwanza huweza kutoka kwa kupe, la pili kwa mbung'o, na yote mawili yana dawa yakiwahiwa. Wewe nawe nawa mikono kwa sabuni ukiisha kushika panya, maana mkojo wao huleta ugonjwa kwa mbwa na kwa mtu.

Chakula ni neno fupi. Mbwa anayekula bukari tupu hawezi kufanya kazi. Tia ndani chisense, vichwa vya samaki, matumbo yaliyopikwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika ikachoma tumbo, wala vitunguu. Apewe chakula kikubwa jioni, baada ya kazi na baada ya kupumzika. Jike mwenye mimba asiwinde, na anayenyonyesha apewe chakula mara mbili ya kawaida.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa wataka maneno zaidi. Huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikiisha kuonekana, mtu hufa. Wengi hungoja kumwona mbwa mkali anayekimbia njiani na kuuma. Lakini yuko mgonjwa mwingine, aliye kimya: taya limelegea, mate yanatoka, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Mwenyewe hufikiri mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani kuutoa. Usitie mkono. Mfungie ndani bila kumshika, uite mganga wa wanyama.

Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo. Chanjo ya watu ilitumiwa kwanza mwaka 1885 na Louis Pasteur huko Ufaransa, juu ya mtoto wa miaka 9, na mtoto akapona. Mbwa aliyeuma afungiwe na kutazamwa siku 10, lakini mtu asizingoje siku hizo ndipo aende hospitali. Na mbwa wako mwenyewe achanjwe akiwa na miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka kama mganga atakavyosema. Mbwa wa kuwinda hukutana na mbweha na mbwa wa vijiji vingine, kwa hiyo yumo hatarini kuliko mbwa anayelala mlangoni.

Limebaki jambo la sumu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa sokoni haziui mara moja. Panya hutembea siku kadhaa, akilegea, na panya aliyelegea ndiye anayekamatwa upesi na mbwa. Basi penye mbwa wa panya usiweke sumu, na ukisikia jirani ameweka, mfunge mbwa wako nyumbani mpaka mizoga yote iokotwe na kuzikwa. Mbwa akila sumu, fizi huwa nyeupe, damu hutoka puani au katika mavi. Mpeleke kwa mganga upesi, nawe uchukue na karatasi ya sumu hiyo, apate kusoma jina lake; kwa sumu za namna hii ipo dawa, nayo hutolewa kwa siku nyingi.